Dakika nane

Picha iliingia Jumamosi moja ya Desemba, saa tatu kasorobo usiku. Mdudu amesimama kwenye ukuta wa jikoni, chini ya balbu ya sola. Mgongo wake ulikuwa wa kijivu unaokaribia weupe, na pembe mbili ndefu kuliko mwili wenyewe zilikuwa zimepinda kuelekea nyuma kama za palahala. Chini ya picha mjomba alikuwa ameandika: "Mpwa wangu, huyu ndiye anayekula kahawa?"

Mjomba ni kaka yake mama. Anaishi chini kidogo ya Tukuyu, na kahawa yake ni ile iliyopandwa na babu. Alikuwa ameshaniambia kwamba baadhi ya miti yake ina majani ya njano.

Nilimjibu baada ya dakika nane. Nimerudi kuyasoma mazungumzo yale mara nyingi sana tangu siku hiyo, ndiyo maana najua ni nane. Niliandika: "Shikamoo mjomba. Ndiye. Anaitwa bungua mweupe. Ile miti yenye majani ya njano ing'oe uichome kabla hajaenea."

Akajibu: "Marahaba. Ndaga fijo." Yaani, asante sana.

Nikaiweka simu, nikarudi kwenye chakula changu.

Mibuni 17

Siku mbili kabla ya Krismasi nilipanda gari Uyole, tukapita Isyonje kwenye ukungu, Kiwira kwenye mvua, nikafika kijijini mchana. Baada ya salamu mjomba alinichukua moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba. Mstari mzima wa chini ulikuwa umeondoka. Udongo ulikuwa mwekundu, umefukuliwa, na pembeni mashina yamepangwa vizuri yakisubiri kukauka yachomwe.

"Nilifanya kama ulivyosema," alisema. Alikuwa anajivunia mimi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Kwenye ukoo wetu mdudu yeyote asiyejulikana huletwa kwangu, na nimezoea kuulizwa. Nilichuchumaa kwenye lile rundo nikiwa na nia ya kuwaonyesha watoto njia za bungua ndani ya mti, maana ni somo zuri. Bungua mweupe hutaga yai kwenye gome la sehemu ya chini ya shina, karibu na ardhi. Buu likitoka huanza kula chini ya gome, likilizunguka shina, na mti ukakosa njia ya kupitisha chakula kwenda kwenye mizizi. Baadaye huingia ndani ya mbao yenyewe na kuchimba. Maisha yake yote, tangu yai hadi mdudu mwenye mabawa, yanaweza kuchukua karibu miaka miwili. Kwa hiyo mti alioupitia bungua hauna siri. Utakuta kovu la mzunguko chini ya gome, utakuta tundu, na chini kwenye udongo utakuta unga wa mbao wenye nyuzinyuzi.

Nilimenya shina la kwanza. Safi.

La pili safi.

Niliomba panga, nikaanza kupasua. Mbao ilikuwa nyeupe, ina unyevu, haina hata mstari. Nilipasua yote 17, moja baada ya jingine, na kazi ile ilinimalizia mchana wote kwa sababu kila shina nililifungua nikiomba nikute tundu. Watoto walichoka wakaenda kucheza. Mjomba hakuondoka. Alisimama nyuma yangu, mikono mgongoni, mpaka shina la mwisho.

"Basi haikuwa na mdudu," alisema.

Hakuniuliza. Alisema tu.

Mstari ule uko mahali shamba linapokuwa na bonde dogo, na mvua zikizidi maji hutuama pale. Ungeniambia nitembee shambani kwa nusu saa ningeliona hilo bila kuhitaji mdudu yeyote. Majirani wengi wa mjomba wameshang'oa kahawa wakapanda parachichi, wala siwalaumu, bei ndiyo inayoamua. Yeye alikuwa amekataa. Mche mpya wa kahawa huanza kuzaa mwaka wa tatu, na mjomba ana miaka 68.

Nilivyofika kwenye jibu

Kwa wiki kadhaa nimejaribu kukumbuka zile dakika nane zilikwenda wapi. Sikukurupuka. Nilifanya utafiti, ndivyo nilivyojiambia. Niliipitisha picha kwenye programu ya simu inayotambua viumbe, ikaniletea majina matano. La kwanza lilikuwa *Anoplophora glabripennis*, mbawakawa wa China.

Huyo namfahamu kwa historia yake. Mwaka 1996 alikutwa kwenye miti ya Brooklyn, New York, akiwa amesafiri ndani ya mbao za makasha ya mizigo. Mwaka 2008 mkazi wa kawaida wa mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts, alimwona mdudu asiyemjua akatoa taarifa. Wataalamu walipofika walikuta ameenea vibaya, na miti zaidi ya 30,000 ikaondolewa. Wadudu wa namna hiyo ndio waliofanya mbao za mizigo inayovuka mipaka zitakiwe kutibiwa, kwa kawaida kwa kupashwa moto hadi kiini chake kifike nyuzi joto 56 kwa dakika 30. Ile mihuri unayoiona kwenye paleti ambazo mafundi wetu wanazigeuza kuwa mabenchi, ndiyo ushahidi kwamba zimetibiwa.

Mdudu wa China ni mweusi anayeng'aa, ana madoa meupe. Wa mjomba alikuwa wa kijivu, hang'ai. Nikaikatalia simu, na nilikuwa sahihi kuikatalia.

Nadhani hapo ndipo nilipopotea. Kuigundua simu imekosea kulinipa imani kubwa kuliko niliyostahili. Nilijiona nimeshafanya kazi ya mtaalamu, na jina lililofuata kichwani mwangu likapita bila kukaguliwa. Programu hizi hujifunza kwa picha zilizopakiwa na watu. Mdudu wa kwetu asiyepigwa picha nyingi hana pa kuonekana humo. Nilijua hilo. Nilishindwa kujiuliza kama kichwa changu nacho hakifanyi vilevile. Kati ya mbawakawa wa pembe ndefu, ambao duniani wameshapewa majina zaidi ya spishi 30,000, mimi niliyemsoma vizuri na kumfundisha ni mmoja tu wa kwenye kahawa. Basi nikamwona yeye.

Kisha kuna swali lenyewe. Mjomba hakuniuliza huyu ni nani. Aliniuliza kama ndiye anayekula kahawa. Swali lilikuja limebeba jibu, nami nikaingia kwenye picha kutafuta kilichoulizwa.

Na picha ilinipa nilichotafuta. Jina la kisayansi la bungua mweupe ni *Monochamus leuconotus*, na neno hilo la pili, kwa Kigiriki, lina maana ya mgongo mweupe. Mimi niliona mgongo mweupe. Ulikuwa mwanga wa flashi ya simu.

Kopo la Blue Band

Usiku ule sikuweza kulala mapema. Tulikaa jikoni, mimi na mkaza mjomba na watoto, moto ukiwaka. Nikauliza, kwa sauti ya chini, yule mdudu wa kwenye picha alienda wapi.

"Yupo kwenye kopo," alisema mtoto wa binamu yangu, wa darasa la tano.

Alikuwa ameshakufa, amekauka, pembe moja imekatika. Lakini hata kabla sijamtoa vizuri kwenye kopo la Blue Band, mwenzake aligonga ukuta chini ya balbu ileile, akaanguka. Mtoto alimdaka kwa vidole viwili nyuma ya kichwa, kama mtu aliyefanya hivyo mara mia, akamleta sikioni mwangu.

"Msikie anavyolia."

Alikuwa analia kweli. Sauti nyembamba, ya kukwaruza, kama mlango mdogo wenye bawaba kavu. Mbawakawa hawa hawatumii mdomo. Hutikisa kichwa pamoja na shingo juu na chini, na ukingo wa nyuma wa shingo husugua sehemu yenye mistari midogomidogo iliyo mwanzoni mwa mgongo. Nilikuwa nimelifundisha jambo hilo ubaoni kwa miaka. Sikuwahi kulisikia.

Picha haina sauti. Wala haina uzito, wala haina harufu ya mti ambao mdudu ametoka.

Nilitoa lenzi yangu ya mkononi. Ningependa niseme nilimtambua hapohapo, lakini ilikuwa kazi ya usiku mzima kwa mwanga wa balbu ndogo. Nilianzia usoni, kwa sababu uso wa mbawakawa wa pembe ndefu husema mengi. Wapo wanaotazama mbele. Wapo wakubwa wa kahawia ambao pande za shingo yao zina meno kama msumeno. Na wapo ambao uso umeshuka wima kabisa, kama wa mbuzi anayekutazama kutoka juu ya ukuta, na macho yao yamejikunja kama figo kuzunguka shina la papasi, yaani zile pembe ndefu. Hawa wa mwisho wako kwenye tawi la familia hii linaloitwa Lamiinae.

Huyu uso wake ulikuwa wima. Lamiinae.

Na bungua mweupe naye ni Lamiinae. Kwa hiyo hata picha nzuri ya uso isingeniokoa peke yake. Ingenionyesha nyumba tu, isingenionyesha mlango. Ilibidi niendelee. Rula ya mtoto ilinionyesha karibu sentimita 4 bila kuhesabu papasi, mnene, mzito mkononi. Bungua mweupe hufikia kama sentimita 3. Kwenye picha ile hapakuwa na kitu chochote cha kumlinganisha naye, hata kidole cha mtu. Ukuta mtupu, na mimi nikampa ukubwa niliotaka awe nao. Ule ukijivu ulikuwa ni manyoya mafupi mno, yamelala juu ya mabawa magumu, na nilipoigeuza tochi pembeni weupe wote ulipotea ukabaki udongo na majivu. Manyoya haya hufutika mdudu anapozeeka na kujisugua kwenye mbao, hivyo wawili wa spishi moja wanaweza kuonekana wageni kwa kila mmoja. Kwenye mabega, mwanzoni mwa mabawa, kulikuwa na madoa mawili meusi kama mahameli. Flashi ilikuwa imeyafanya yaonekane kama vivuli.

Niliinua kichwa nikamkuta mkaza mjomba ananitazama.

"Hao hutoka kwenye kuni za mkuyu," alisema. "Kila mwaka mvua zikianza. Mkuyu ule wa mpakani ulikatwa Septemba, kuni zake hizo hapo nje."

Nilimwuliza mbona hakusema.

"Hakuna aliyeniuliza, mama. Mlikuwa mnaandikiana kwenye simu."

Asubuhi nilikwenda kwenye kuni. Magogo ya mkuyu yalikuwa na matundu ya mviringo ambayo kidole changu kidogo kiliingia. Nilipasua gogo moja, na humo ndani, kwenye njia iliyojaa unga wa mbao, nikalikuta buu nene la rangi ya maziwa, kichwa cha kahawia, halina miguu ya maana. Niliyokuwa nikiyatafuta jana yake kwenye mashina 17 yalikuwa hapa, hatua kumi kutoka jikoni, kwenye mti mwingine kabisa.

Kwenye daftari niliandika jina la jenasi tu, yaani kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu: *Phryneta*, kutoka kwenye mkuyu. Mahali pa spishi nikaacha wazi. Iko spishi moja, *Phryneta spinator*, inayojulikana sana kwa kutoboa mikuyu na mitini, na moyo wangu ulitaka kuiandika. Mkono ulifika kwenye karatasi nikaurudisha. Jenasi ina spishi nyingi Afrika, nami sikuwa na kielelezo cha kulinganisha.

Ilikuwa ngumu kuacha pale wazi kuliko nilivyotarajia.

Mlima ulioko mbele ya mlango

Ukitoka nje ya jiko la mjomba asubuhi isiyo na mawingu, Mlima Rungwe umekujaa machoni, karibu mita 2,960. Nilikuwa nimekaa kwenye kigogo nikiutazama, nikakumbuka kwamba mlima huuhuu una kisa chake cha picha.

Wengi mnakijua. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kima wa msituni anayeitwa kipunji. Watafiti waliokuwa wakifanya kazi huku walisita kuamini, kwa sababu hadithi za wazee wetu huwachanganya wanyama wa kweli na wa mizimu bila kuweka alama. Mwaka 2003 wakamwona wenyewe. Mwaka 2004 watafiti wengine, bila kujua habari za hawa, wakamwona kwenye msitu wa Ndundulu, huko Udzungwa. Mei 2005 alitangazwa kuwa spishi mpya kwa sayansi, na kielelezo chake rasmi hakikuwa ngozi wala fuvu. Kilikuwa picha. Hawakutaka kumwua hata mmoja kwa ajili ya jina, kwa sababu walijua ni wachache.

Zamani nilikuwa nakitumia kisa hiki darasani kuonyesha nguvu ya picha. Sasa nakisoma mpaka mwisho. Mwaka uleule wa 2005 kipunji mmoja alikutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima, kwenye shamba la mahindi, hukuhuku Rungwe. Mwili ule ulipochunguzwa, mifupa na vinasaba, ilionekana kwamba ujamaa wake si ule uliodhaniwa mwanzoni. Yuko karibu zaidi na nyani wa kawaida. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake peke yake, *Rungwecebus*, kwa jina la mlima huu.

Picha haikudanganya. Ilisema kwa haki kwamba huyu ni mpya. Kuhusu ndugu zake haikuweza kusema, na waliosema kwa niaba yake walilazimika kurudi kusahihisha, hadharani, kwa maandishi. Naliheshimu sana hilo.

Tena, waliokuwa na jina tangu mwanzo walikuwa wale wawindaji. Nikamfikiria mkaza mjomba na kuni zake.

Magimbi

Nilimwambia mjomba yote siku ya Krismasi, baada ya ibada. Nilimwambia kosa ni langu, kwamba nilimpa jina ambalo picha haikuwa na uwezo wa kulibeba, na amri ya kung'oa juu yake. Nililia kidogo. Yeye alinyamaza, akamega muwa, akanipa kipande.

"Sasa nikimwona mwingine nikutumie nini?" aliuliza.

Tukatumia alasiri ile kujifunza kwa yule mdudu aliye hai, kabla hatujamwachia. Kutoka juu, bila flashi, kwenye kivuli cha mchana. Kutoka ubavuni. Usoni, simu ikiwa imeshuka hadi usawa wa macho yake. Tumboni. Kiberiti pembeni kila mara, ili ukubwa uonekane. Kisha maneno: amekutwa kwenye mti gani, saa ngapi, na chini yake kuna nini. Nikampa pia namba ya bwana shamba, na tukakubaliana kwamba hakuna mti utakaong'olewa mpaka shina moja lipasuliwe kwanza. Ikiwa kweli ni bungua, taarifa iende kwenye kituo cha utafiti wa kahawa cha Mbimba, kule Mbozi.

Januari nilimnunulia miche 17. Alipokea 12. Mitano aliirudisha na kijana wa gari, na ujumbe kwamba pale chini maji yanapotuama hatapanda tena kahawa, ataweka magimbi. Nilipoisoma nilijua kwamba shamba lake analielewa kuliko nilivyomruhusu aseme.

Bado nafikiria mambo mawili ambayo sijayamaliza. La kwanza, sitaki watu waache kutuma picha. Yule mkazi wa Worcester asingesema kitu, miti mingi zaidi ingekwisha. La pili ni gumu. Mtu wa kijijini anapouliza anataka jibu usiku uleule, kwa sababu kahawa yake iko nje gizani na mdudu yuko ukutani. "Sijui, nitumie picha nyingine" inaweza kusikika kama kumfukuza. Nimeanza kuisema hata hivyo, nikifuatanisha na maswali. Wiki iliyopita mwanafunzi wangu wa zamani, sasa yuko Mafinga kwenye misonobari, alinitumia mdudu wa kahawia. Nilimwuliza maswali sita kabla ya kutaja hata familia. Alijibu yote, na jibu la swali la nne lilibadilisha kila kitu nilichokuwa nimeshakifikiria kimyakimya.

Jana jioni mjomba amenitumia picha tena. Tano. Juu, ubavu, tumbo, kiberiti kiko palepale. Ya uso imetikisika kidogo. Chini yake ameandika: "Kwenye shina la mbuni, mkono mmoja kutoka ardhini. Unga upo. Sijang'oa kitu."

Halafu kuna ujumbe wa sauti, sekunde nne. Nilifikiri anataka kunieleza jambo. Nikauweka sikioni, na hakuna neno lolote humo ndani, ni ule mkwaruzo tu, mwembamba, juu na chini, na kwa mbali pumzi ya mjomba akiwa amemshika.

Nimemjibu: "Shikamoo mjomba. Zimefika zote. Naomba upasue shina lile moja, mimi naendelea kuangalia."